Mafundisho ya Nyumbani: Ni Nani Amfanyaye Mtoto Kuwa Mtu?

Mwezi uliopita tulisema habari ya sala ya jioni, na wengi wametuletea maneno ya shukrani. Mwezi huu twaliweka kando shauri tulilokusudia kulieleza, kwa kuwa tumepata barua ya baba mmoja wa mtaa wa mbali, nayo haifai kungojeshwa.

Mwanawe ametimiza miaka 12. Wenzake wote wa rika lake wataingia jandoni shule zitakapofungwa. Babu wa mtoto asema kwamba kijana asiyepita kumbini hahesabiwi kuwa mtu, wala hatakuwa na neno barazani. Mama wa mtoto, aliyebatizwa juzijuzi, analia na kusema kwamba mambo yale aliyaacha penye maji ya ubatizo, naye hawezi kumrudisha mwanawe alikotoka yeye. Baba amesimama katikati. Atuuliza: “Mwalimu, nimsikilize nani? Na je, ikiwa kila nililofundishwa na wazee wangu ni la kuachwa, mimi ni nani, na huyu mwanangu atakuwa nani?”

Swali hili si la baba huyu peke yake. Ni swali la kila nyumba yenye mguu mmoja kanisani na mguu mmoja kwa wazee, nazo ndizo nyumba zetu nyingi. Kwa hiyo hatutalijibu kwa haraka. Mgeni akikuuliza njia, kwanza humwuliza atoka wapi. Nasi kwanza tutaeleza maneno matatu: malezi, utamaduni, na dini. Wako wataalamu ambao kazi yao ni kuchunguza jinsi watu wakaavyo pamoja. Elimu yao huitwa sosholojia, yaani elimu ya jamii. Mengi waliyoyaandika, wazee wetu waliyajua bila kitabu. Mengine yatupasa kuyapima.

MALEZI

Mnamo Januari 1800 kijana mmoja alitoka msituni karibu na kijiji cha Saint-Sernin, upande wa kusini wa Ufaransa. Walimkadiria kuwa na miaka kama 12, sawa na mtoto wa baba aliyetuandikia. Hakujua kusema, wala hakuna aliyejua wazazi wake. Alikuwa amekaa porini peke yake muda mrefu, akila alichokiokota. Akapelekwa mji wa Paris, akakabidhiwa kwa tabibu kijana, jina lake Jean Itard, naye akampa jina la Victor.

Bwana Itard alidhani kwamba mtoto huyu akifundishwa kwa bidii ataamka kama mtu aliyekuwa amelala. Akamfundisha kwa muda wa miaka 5 hivi. Victor alijifunza mambo kadha wa kadha, walakini kusema hakujua kamwe, ila maneno machache mno. Akafa mwaka 1828 hali bado hajapata lugha.

Lakini liko jambo moja katika habari hii ambalo twalipenda. Victor alitunzwa nyumbani na mama mmoja, Madame Guérin. Kazi yake kijana ilikuwa kuandika meza ya chakula. Mume wa mama yule akafariki. Victor akaandika meza kama desturi, akaweka na mahali pa marehemu. Alipomwona mama analia, alitambua kwamba yeye ndiye aliyemwongezea huzuni. Akakiondoa chombo kile polepole, wala hakukiweka tena siku nyingine.

Basi angalieni. Mtoto aliyekosa watu alikosa hata maneno ya kinywani. Naye alipopata nyumba, alijifunza huruma, na huruma ile hakuipata ubaoni. Aliipata mezani, kwa mama aliyemlisha. Hayo ndiyo malezi: kazi ile ndefu ambayo kwayo watu humfanya mtoto kuwa mwenzao. Wazee wetu walilisema kwa maneno machache: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nani kati yetu akumbuka siku aliyofundishwa kupokea kitu kwa mkono wa kulia, au kumpisha mzee njiani, au kutolitaja ovyo jina la mkwewe? Hatukumbuki, maana tulifundishwa kabla hatujajua kwamba tunafundishwa. Walezi wetu walikuwa wengi: mama mgongoni mwake, nyanya kwa hadithi zake, baba shambani, wenzetu wa rika kwa mzaha wao, na baadaye shule na kanisa. Mtume Paulo alijua jambo hili. Alipomwandikia Timotheo barua ya pili, aliitaja imani iliyokaa kwanza katika nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Timotheo alipata Injili jikoni kabla hajaipata katika mkutano.

UTAMADUNI

Neno la pili ni utamaduni. Mwaka 1871 Mwingereza mmoja, Edward Tylor, alitoa kitabu alimoeleza maana ya neno hili. Alisema kwamba utamaduni ni jumla ya vitu vyote avipatavyo mtu kwa kuwa ni mmoja wa jamii fulani: maarifa yake, imani yake, ufundi, adabu, sheria na desturi. Hivyo utamaduni si ngoma na mavazi tu. Namna ya kulima ni utamaduni. Namna ya kuzika, kuoa, kuamkiana na kugawana nyama ni utamaduni. Wala hakuna taifa lisilo nao. Mtu asemaye kwamba watu fulani hawana utamaduni amesahau tu kwamba wake yeye ameuvaa.

Lakini liko jambo ambalo mara nyingi sisi tunaopenda mila hatulikumbuki. Utamaduni hukua na kubadilika kama kiumbe kilicho hai. Tazameni mikorosho yetu huku kusini. Siku hizi mtu wa Masasi au Newala hawezi kufikiri nchi yake pasipo korosho. Kwa korosho hulipa karo, huezeka nyumba kwa bati, huoza mwanawe. Walakini mkorosho ulitoka Brazili, ukaletwa pwani yetu na Wareno. Mahindi na muhogo navyo vilitoka Marekani, ng'ambo ya bahari. Babu zetu wa zamani sana hawakuvijua. Walivipokea, wakavijaribu, wakavipa majina yao, na leo ni chakula cha mizimu na cha watu. Basi mtu akituambia, “Hili ni geni, kwa hiyo si letu,” twaweza kumwonyesha ugali ulio mbele yake.

Kadhalika mtu akituambia, “Hili ni la kale, kwa hiyo ni ovu,” twaweza kumwuliza kama mama aliyemnyonyesha alikuwa wa kale au wa sasa.

DINI

Neno la tatu lina uzito kuliko hayo mawili, nalo twaomba mlisome bila haraka.

Katika mji wa Épinal huko Ufaransa alizaliwa mwaka 1858 mtu aitwaye Émile Durkheim, mwana wa rabi wa Kiyahudi. Mwana huyu hakuishika imani ya baba yake, lakini dini ilimshughulisha mpaka uzee. Mwaka 1912 alitoa kitabu kikubwa juu ya dini, akichunguza hasa habari za wenyeji wa Australia. Alisema kwamba kila dini hutenga vitu vitakatifu na vitu vya kila siku, na ya kwamba dini huwaunganisha watu wawe jamaa moja. Mpaka hapo twapatana naye. Kisha akaendelea mbele zaidi: kwamba ile nguvu waionayo watu wakiabudu pamoja ni nguvu ya jamii yao wenyewe, kana kwamba watu, wakidhani wanamwabudu Mungu, huabudu umoja wao.

Tusilitupe neno hili kabla ya kujipima nalo, kwa maana nusu yake ni kweli, nayo inauma. Je, hapana kati yetu waliobatizwa kwa sababu ukoo wote ulibatizwa? Hapana wanaokuja kanisani Jumapili ili waonekane? Hapana waliofuata shule, au rafiki, au mchumba, na kusema kwamba wamemfuata Kristo? Kwa watu wa namna hiyo Bwana Durkheim amesema kweli. Wanaabudu jamaa yao.

Lakini nusu ya pili haisimami, na sababu yetu ni hii. Kama dini ingekuwa ni sauti ya jamii tu, isingeweza kuikemea jamii. Kioo hakiwezi kumgombeza anayejitazama. Lakini nabii Amosi alikwenda Betheli akawakemea watu wa taifa lake waliowauza maskini, nao wakamfukuza. Bwana wetu mwenyewe alilelewa Nazareti. Watu wa Nazareti ndio waliomfundisha kusema na kufanya kazi. Naye aliposimama katika sinagogi lao akawaambia lisilowapendeza, walimpeleka ukingoni mwa kilima wamtupe chini, kama Luka aandikavyo katika sura ya 4. Neno alilowaambia halikutoka kwao. Basi hii ndiyo alama ambayo kwayo twaitambua imani: desturi hutuambia jinsi tulivyo, imani huweza kutuambia kwamba tumekosa. Nayo huwaambia wazee wa mila, na huwaambia vilevile waalimu na mapadri.

Neno hilo la mwisho latutusha sisi wenyewe, kama mtakavyoona sasa.

KAZI YA JANDO

Twarudi kwa baba yetu na mwanawe. Mwaka 1909 mtaalamu mwingine wa Ufaransa, Arnold van Gennep, alizilinganisha sherehe za mataifa mengi ambazo humtoa mtu hali moja na kumtia hali nyingine. Akaona kwamba aghalabu zina sehemu tatu. Kwanza mtu hutengwa na hali yake ya zamani. Pili hukaa kizingitini, si wa huku wala si wa huko. Tatu hupokewa na watu wake akiwa mtu mpya.

Aliyepita jandoni hana haja ya kusoma kitabu ili ayaelewe hayo. Mtoto huondolewa kwa mama yake. Hukaa kumbini porini pamoja na wari wenzake, hutahiriwa, hufundishwa adabu, nyimbo na mafumbo. Kisha kumbi huchomwa moto, wari huoga, hunyolewa, huvikwa nguo mpya, hupewa majina mapya, nao hurudi mjini huku mama zao wakipiga vigelegele. Tangu siku ile wataitwa kwenye kazi za wanaume, na kaburini watakaribia.

Nanyi wakatekumeni wetu, je, sehemu hizo tatu hamzijui? Mlitengwa na mambo ya zamani, mkakaa miaka ya mafundisho kizingitini, kisha mkapita majini, mkavikwa nguo nyeupe, mkapewa majina mapya, mkapokewa kwa nyimbo. Kanisa nalo lajua kwamba mwanadamu hageuki kwa kuambiwa tu. Huhitaji kupitishwa, tena mbele ya watu.

Sasa twaungama kosa letu. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa wapya katika kazi ya ualimu, baba mmoja alituuliza swali hilihili la leo. Tukamjibu kwa neno moja: hapana. Akatutii. Kijana hakwenda, nasi tukadhani kazi imekwisha. Wenzake waliporudi na majina yao mapya, yeye alibaki na jina la utotoni. Walipocheza, hakuitwa. Nyanya yake aliyemlea akafa, na siku ya maziko wanaume walimwambia arudi nyuma akae na watoto. Sisi tulikuwapo pale, kitabu cha sala mkononi. Kijana alitutazama. Hatukuwa na neno la kumpa.

Mwaka haujaisha akatoroka, akaenda kutahiriwa kwa siri, mbali, kwa kisu kisicho safi, na bila baba wala ndugu wa kumwangalia. Akaugua sana. Alipona, lakini kanisani hakurudi. Baba yake hutusalimu kwa heshima mpaka leo, wala hajatuomba shauri tena.

Tulimwondolea yule mtoto mlango wa watu wake, tusimfungulie mwingine. Hapo ndipo tulipokosa. Wala hatuwezi kusema kwamba hatukuwa na mfano wa kufuata, kwa maana mfano ulikuwapo huku huku kwetu.

MFANO WA MASASI

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliookolewa katika utumwa, wakaanzisha kijiji cha Kikristo kati ya Wayao, Wamakua na Wamakonde. Wakristo wa kwanza walipozaa na watoto wao kukua, swali la jando likaja, kama lilivyomjia baba wa barua yetu. Mtoto asiyepita kumbini hakuwa mtu kwa wenzake. Na mtoto aliyepita alikutana na tambiko kwa mizimu, na matusi, na mambo yasiyomfaa Mkristo.

Padri Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi wa kwanza tangu 1926 hata 1944, hakukata shauri hili kwa neno moja kama sisi. Aliuliza kwanza jando linafanya kazi gani. Wala hakufanya peke yake. Mapadri na waalimu Waafrika, waliopita kumbini wenyewe, ndio waliojua lipi ni mfupa na lipi ni ngozi. Wakabakiza kule kutengwa porini, tohara, walezi, mafundisho ya adabu, nguo mpya na furaha ya kurudi. Wakaondoa matambiko na machafu. Mahali pa matambiko pakawa na sala na baraka, na vijana waliporudi wakapelekwa kanisani kumshukuru Mungu. Mwaka 1928 Lucas aliandika maelezo ya njia hiyo, nayo yakasomwa na wamisionari wa nchi nyingine.

Tusiseme kwamba kila kitu kilikwenda sawasawa. Kwa wasichana kazi hiyo haikufaulu kama kwa wavulana, nasi twaona sababu: mambo ya unyago yamo mikononi mwa akina mama na makungwi, na shauri la mambo ya wanawake lililoanzwa na wanaume huchechemea. Lakini mfano ulibaki, kwamba Kanisa laweza kukaa na wazee na kupambanua.

Mahali pengine njia ilikuwa nyingine. Katika nchi ya Wakikuyu huko Kenya, mwaka 1929, misheni kadha wa kadha ziliwataka Wakristo wao waape kwamba wameuacha ukeketaji wa wasichana. Kwa habari ya dhara, wamisionari walikuwa na haki: kumkata msichana ni kumharibu mwili bila faida, tena humhatirisha katika uzazi. Sheria ya Tanzania ya 1998 yakataza kuwafanyia hivyo wasichana walio chini ya miaka 18, na ya Kenya ya 2011 yakataza kabisa. Walakini wakati ule watu waliona kwamba wanatakiwa kuchagua kati ya watu wao na kanisa. Maelfu wakaondoka. Wakajenga shule zao na makanisa yao wenyewe, na ukeketaji ukaendelea miaka mingi.

Kisha mwaka 1996, katika nchi ya Watharaka, si mbali na hao, ikaanza njia nyingine. Wasichana walitengwa kwa siku kadhaa, wakafundishwa na akina mama mambo ya mwili, ya adabu na ya maisha. Kisha wakatolewa mbele ya watu kwa nyimbo, zawadi na furaha, wala hawakukatwa. Kwa lugha yao yaitwa *Ntanira na Mugambo*, yaani tohara kwa maneno. Kisu kiliondolewa, mlango ukabaki. Hapakuwa na msichana aliyeachwa kizingitini.

Haya yote si mapya. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 15, Mitume na wazee walikutana Yerusalemu kwa sababu ya neno hilihili la tohara. Wakakata shauri kwamba watu wa mataifa wasitwikwe mzigo wa desturi za Kiyahudi ili wapate wokovu. Hata hivyo sura ifuatayo yasema kwamba Paulo alimtahiri Timotheo, kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa mahali pale. Na katika barua kwa Wagalatia asema kwamba Tito hakulazimishwa kutahiriwa. Je, Mtume alikuwa kigeugeu? Sivyo. Kwa Timotheo tohara ilikuwa njia ya kukaa na watu wa mama yake. Kwa Tito walitaka kuifanya iwe bei ya wokovu. Jambo ni moja, maana zake mbili. Ndiyo sababu hatuwezi kumjibu baba yetu kwa neno moja.

SHAURI LETU

Basi, ndugu yetu, sikiliza.

Kwanza, nenda kwa babu wa mtoto, wala usimtume mtu. Mwamkie, keti chini, umwambie kwamba humkatalii mjukuu wake kuwa mtu. Umwulize yeye alifundishwa nini kumbini kilichomfaa maisha yake yote. Tumewauliza wazee wengi swali hilo, na hakuna aliyetutajia matusi wala kipigo. Hututajia kuvumilia, kutunza siri, kuheshimu wakwe, kutomwacha mwenzio njiani. Hayo na mtoto wako ayapate.

Pili, tohara ifanyike hospitalini au kwa mganga wa zahanati, kila mtoto na kisu chake kilichochemshwa. Kisu kimoja kwa watoto wengi huchukua damu ya huyu kumtia yule, nayo ni njia ya UKIMWI na maradhi mengine. Hapa usipunguze neno lako, hata mzee akikasirika.

Tatu, yakatae haya bila haya: tambiko kwa mizimu, matusi, mapigo, na kumfundisha mtoto mdogo mambo ya unyumba kabla ya wakati wake. Siku hizi mahali pengi hupeleka watoto wadogo mno, wa miaka 7 au 8, kwa sababu sherehe ni furaha na wazazi wanashindana. Zamani mtu alitolewa kumbini akakaribia kuoa. Leo atolewa akarudi darasa la pili. Mafundisho ya mtu mzima hayamfai mtoto, na wala si mila kumtwika. Vilevile siku za shule zisiguswe.

Nne, wazee wakikubali mambo hayo, mwache aende, na wewe uende pamoja naye, wala usimwache peke yake. Wakikataa, usimpeleke. Lakini ukimfungia mlango mmoja, mfungulie mwingine siku ileile. Mchagulie mlezi, mwanamume Mkristo mwenye sifa njema, amchukue pamoja na vijana wengine wawili watatu likizo nzima. Awafundishe jinsi ya kutunza mwili, jinsi ya kutumia fedha, jinsi ya kumheshimu mwanamke, jinsi ya kukaa na mgonjwa na kuchimba kaburi. Kisha waletwe kanisani katika nguo mpya, wasimame mbele, na wazee wa kanisa wawapokee kwa majina yao. Mama zao wapige vigelegele mpaka mapaa yatikisike. Mwitie na babu, umpe kiti cha mbele.

Tano, siku ya kwanza ya maziko itakayofuata, mpe kijana jembe. Jambo hili twalisisitiza. Watu wakiona kwamba Kanisa humhesabu kuwa mtu mahali pa kazi na pa huzuni, hawatauliza tena alipita mlango gani.

Nawe mama uliaye, machozi yako si bure. Wewe umeona jambo ambalo sisi wanaume hatulioni upesi, kwamba mtoto aweza kurudishwa gizani kwa jina la heshima. Linda neno hilo. Lakini kumbuka vilevile kwamba hukuzaliwa siku ya ubatizo wako. Kuna mama aliyekulea, aliyekufundisha kuwapa wageni maji kabla hawajaomba. Na upole ule Bwana hakuutupa alipokuita. Aliupokea na kuusafisha.

Babu husema kwamba mtoto hafanywi mtu na wazazi wawili tu. Asema kweli, nasi tusimshinde kwa kukanusha kweli. Imetupasa sisi tulio kanisa tuwe watu wa kutosha.

YA KUZUNGUMZA JIONI

Baba na mama waulizane mbele ya watoto, kila mtu ajibu kwa zamu:

1. Ni adabu gani niliyoipata kwa nyanya au babu yangu ambayo nisingependa ipotee?

2. Ni desturi gani ya nyumba yetu ambayo Injili yaikemea, nasi tumeizoea?

3. Yuko kijana gani mtaani kwetu aliyeachwa kizingitini, na nani kati yetu atamwendea wiki hii?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema habari ya mahari, maana barua tatu zimekwisha kuja. Amani ya Bwana ikae katika nyumba zenu.